Kutoa data bila waya kwenye kitovu cha turbini ya upepo: mwongozo kamili kwa mafundi wa Dodoma na kanda ya kati

Turbini ile niliijenga mwenyewe: kipenyo mita 3, mapanga matatu ya mbao, mlingoti wa mita 12, kwenye shamba la mzee mmoja upande wa Kongwa. Mwezi Agosti panga moja lilipasuka kwenye shina, pale linapofungwa kwenye bamba la chuma. Hakuumia mtu. Mzee alipokuja kuangalia vipande alisema, "Fundi, si uliniambia umeweka kitu cha kupima?"

Nilikuwa nimeweka. Kwa wiki tatu namba zilikuwa zinarukaruka, nami nikasema ni vumbi kwenye pete za shaba zinazopitisha ishara kutoka kwenye mapanga. Sehemu ya mruko ule ilikuwa vumbi kweli. Sehemu nyingine lilikuwa panga lenyewe likieleza kwamba linachoka, na mimi sikuwa na njia ya kutenganisha moja na jingine.

Mwongozo huu ni njia niliyoifuata baada ya siku ile. Nimeuandika kwa fundi anayejua kuchoma waya, kutumia multimita na kuandika programu ndogo ya Arduino. Jambo moja nataka ulishike kabla hujanunua chochote: kwenye kitu kinachozunguka, data haipotei ovyo. Hupotea kwenye pembe fulani, na pembe hiyo unaweza kuipima. Ukiijua, kazi iliyobaki ni kusogeza antena na kubadilisha mistari michache ya programu.

Vumbi, kaboni na milivolti

Njia ya zamani ya kuvusha umeme kutoka kinachozunguka kwenda kilichotulia ni pete za shaba zilizovishwa kwenye shafti, na kaboni zinazozisugua. Aliyewahi kufungua altaneta ya gari anazifahamu. Kwa kupitisha umeme mwingi zinafaa sana. Shida inaanza unapotaka kupitisha ishara ndogo.

Kihisi cha mkazo, yaani streni geji, ni kikaratasi chenye waya mwembamba kinachobandikwa kwenye chuma. Chuma kikivutika, waya nao unavutika na ukinzani wake unabadilika kidogo mno. Geji nne zikiunganishwa kuwa daraja na kulishwa volti 3, chuma kikivutika sehemu 1,000 kwa milioni utapata milivolti 6 tu. Sasa pitisha milivolti 6 hizo kwenye kaboni iliyochanganyika na vumbi jekundu la kiangazi chetu na grisi ya beringi. Kila punje ikipita chini ya kaboni mguso unabadilika, na mabadiliko hayo yanaweza kuizidi ishara yenyewe. Kuanzia Mei hadi Novemba huku kwetu mvua ni kama hakuna. Hata ukifunika kwa mfuniko wa mpira, vumbi litapita.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: geuza kipimo kuwa namba hukohuko kwenye kitovu, pale mapanga yanapofungwa pamoja. Namba ikifika imefika, isipofika unajua haikufika. Milivolti iliyochafuliwa njiani inafika ikiwa imevaa sura ya kweli, na hiyo ndiyo iliyonidanganya.

Kwenye mitambo mikubwa pete bado zina kazi. Kitovu cha turbini kubwa kinahitaji umeme wa kugeuza mapanga yakabili upepo au yaukwepe, pamoja na amri za kufanya hivyo, na vyote hupita kwenye pete, au amri hupita kwa mwanga kupitia kiungo cha nyuzi za kioo kinachozunguka. Redio huko hubeba zaidi vipimo vya ufuatiliaji. Singida imetajwa kwa miaka mingi kuwa eneo la mashamba ya upepo, na Mufindi mitambo ya Mwenga tayari inazunguka. Fundi wa kanda hii atakayeelewa haya kwenye turbini ya mita 3 hatakuwa mgeni atakapopanda kwenye mnara wa mita 80.

Kanuni ya pili naisema mara moja na siirudii: usikabidhi breki kwa redio. Mkia unaokunja turbini upepo ukizidi na swichi inayounganisha nyaya tatu za altaneta ili kuisimamisha vibaki vya kimekanika na vya waya. Redio ilete habari tu.

Kuna mizunguko miwili

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, nami nilikosea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Antena ikisimama, wimbi linasimama. Antena ikilala, wimbi linalala. Kipokezi chenye antena iliyosimama kinasikia kwa shida wimbi lililolala. Unaweza kupoteza desibeli 20 au zaidi, yaani kubaki na sehemu moja ya mia ya nguvu au chini ya hapo. Ukiibandika antena kwenye kitovu ikitazama nje kama mshale wa saa, itasimama mara mbili na kulala mara mbili katika kila mzunguko. Turbini ya mita 3 ikizunguka mara 400 kwa dakika, hivyo ni vipindi zaidi ya 13 vya ukiziwi kila sekunde.

Dawa ni kuielekeza antena sambamba na shafti, katikati kabisa ya kitovu, ikitazama mbele kule upepo unakotoka. Hapo kitovu kizunguke kinavyotaka: antena inajizungukia palepale kama kijiti kinachopekechwa, na wimbi linabaki limelala upande uleule. Mzunguko wa kwanza umekwisha.

Wa pili ni kichwa chenyewe, kinachogeuka juu ya mlingoti kufuata upepo. Upepo ukitoka mashariki antena yako imelala mashariki-magharibi. Ukigeuka kutoka kusini, imelala kusini-kaskazini. Kipokezi kimoja kilichoko chini ya mlingoti kitasikia vizuri siku moja na kuwa kiziwi siku nyingine, nawe utadhani betri imeisha. Dodoma upepo wetu mwingi hutoka upande wa mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kasoro hii inaweza kujificha kwa majuma mengi kabla hujaiona.

Mimi naweka vipokezi viwili chini. Kimoja antena yake imelazwa mashariki-magharibi, cha pili kusini-kaskazini, kila kimoja mita 3 kutoka kwenye mlingoti na kwenye pande tofauti. Vyote viwili vinasikiliza chaneli ileile. Kompyuta inachukua pakiti, yaani kifurushi kimoja cha vipimo, kutoka kwa yeyote aliyeisikia na kutupa marudio kwa kuangalia namba yake. Pande tofauti zinasaidia pia pale bomba la mlingoti linapokaa katikati ya kitovu na kipokezi kimoja. Ipo njia nyingine, antena za wimbi linalojizungusha, ambazo hazijali mlalo na gharama yake ni kupoteza nusu ya nguvu daima. Zinafaa, ila vipokezi viwili vya bei ndogo vinanipa pia akiba kimoja kikifa.

Hesabu ya nguvu inatuliza moyo. Redio ndogo ya gigahezi 2.4 aina ya nRF24L01+ hurusha milivati 1. Umbali wa mita 12 hula desibeli 62 hivi. Kwa kasi ya kilobiti 250 kwa sekunde kipokezi kinasikia hadi desibeli 94 chini ya milivati 1. Inabaki akiba ya desibeli 32. Ndiyo inayolipia mlalo usiolingana, bomba, na boksi. Mapanga ya mbao na ya faiba hayazuii kitu cha maana. Yale ya nyuzi za kaboni huzuia kama chuma, na diski za chuma za altaneta huzuia kabisa, ndiyo maana antena inakaa mbele.

Wapo wanaohofia kwamba mwendo wa kitovu utavuruga masafa, kama honi ya gari inavyobadilika sauti likikupita. Hata ncha ya panga ikikimbia mita 63 kwa sekunde, masafa yanasogea kama hezi 500 tu. Kristali ya kawaida inayopanga masafa ya redio hiyo inaruhusiwa kukosea zaidi ya hezi 100,000. Hofu hiyo iache.

Vifaa

Kwenye kitovu: Arduino Pro Mini ya volti 3.3 na megahezi 8, redio ya nRF24L01+, kibao cha HX711 cha kusoma geji, geji nne za ohmu 1,000, betri moja ya lithiamu ya 18650 na boksi la plastiki la umeme lenye mpira wa kuzuia maji. Chini: redio mbili za aina hiyohiyo, Arduino mbili na kompyuta yoyote ndogo ya kuhifadhi data. Ongeza sumaku moja ndogo na sensa ya sumaku. Kazi yake itaonekana mbele.

Vingi huagizwa Dar es Salaam na kuja kwa basi. Nunua redio tano, si tatu. Nakala ni nyingi sokoni, na baadhi hazifanyi kazi kwa kilobiti 250 au hazirudishi jibu la "nimepokea". Zijaribu zote mezani kabla hujachagua.

Kwa nini ohmu 1,000 na si 350 zinazopatikana kirahisi? Daraja la ohmu 350 kwa volti 3.3 linakula miliampea 9.4 peke yake. La 1,000 linakula 3.3. Ukijumlisha HX711, Arduino na redio unafika karibu miliampea 10, na betri ya miliampea-saa 2,600 inakupa siku kumi na zaidi kidogo za kupima mfululizo. Ukipima sekunde 10 kila dakika na kulaza vyote muda uliobaki, unafika miezi miwili. Mimi naanza na mfululizo ninapotafuta ugonjwa, kisha nahamia kwenye sekunde 10 kwa ulinzi wa kawaida. ESP32, kibao chenye Wi-Fi ndani yake, ni kifaa kizuri lakini Wi-Fi hiyo inaimaliza betri hiyohiyo kwa siku moja au mbili. Iweke chini penye umeme.

Usiunganishe redio moja kwa moja kwenye betri. Betri iliyojaa ina volti 4.2, na redio haivumilii zaidi ya 3.6. Na uchome kapasita ya maikrofaradi 10 hadi 47 kwenye miguu ya umeme ya redio, karibu kabisa. Redio nyingi zinazotajwa kuwa mbovu zimekosa kapasita hiyo tu.

Kuhusu masafa: gigahezi 2.4 ndiyo hutumika duniani kote kwa vifaa vya nguvu ndogo. Kama unataka kuongeza nguvu au kutumia masafa mengine, uliza kwanza Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Chagua chaneli kati ya 80 na 82 ili uwe mbali na Wi-Fi nyingi za majirani bila kutoka nje ya masafa hayo.

Kubandika geji

Laza mlingoti. Funga mapanga kwa kamba. Unganisha nyaya tatu za altaneta ili isizunguke hata upepo ukija. Usibandike ukiwa umening'inia juu. Gundi inataka mkono uliotulia.

Mahali pa kubandika ni kwenye bamba la chuma linaloshika shina la panga: mbili upande wa mbele, mbili upande wa nyuma, zikitazama urefu wa panga. Panga likisukumwa na upepo, upande mmoja unavutika na mwingine unabanwa, na daraja linajumlisha. Faida nyingine ni kwamba joto la mchana likipanda zote nne zinapanda pamoja na kufutana.

Sugua kwa msasa namba 220, kisha 400. Safisha kwa spiriti mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, na usiguse tena kwa kidole. Tone moja la gundi ya haraka, kipande cha plastiki juu, bonyeza kwa dole gumba dakika nzima. Funika kwa silikoni, ila ile yenye harufu ya siki usiitumie: hula shaba, na miezi mitatu baadaye unatafuta kosa lisiloonekana.

Kibao cha HX711 hutoka kiwandani kikiwa kimefungwa kwenye vipimo 10 kwa sekunde. Kwa mizunguko 400 kwa dakika hicho ni kipimo kimoja na nusu kwa mzunguko, hakifai. Nyanyua mguu namba 15 wa chipu kwa sindano na moto wa solda, uuunganishe kwenye umeme, upate vipimo 80 kwa sekunde, yaani 12 kwa kila mzunguko.

Mlingoti ukiwa bado umelala, geuza kichwa mpaka mapanga yatazame juu. Hapo uzito unaovuta chini ni sawa na upepo unaosukuma kutoka mbele. Ning'iniza dumu la maji la lita 5 kwenye panga, mita 1 kutoka katikati. Andika namba kabla na baada. Tofauti hiyo ndiyo mizani yako, na ni ya kuaminika kuliko hesabu yoyote ya karatasi.

Programu: hesabu kila pakiti

Pakiti ya nRF24L01+ haizidi baiti 32. Yangu ina namba ya pakiti, baiti 2; volti ya betri, 2; saa ya kitovu, 4; na hadi vipimo saba vya baiti 3. Jumla 29.

Namba ya pakiti ndiyo baiti mbili za thamani kuliko zote. Bila namba, shimo kwenye data linafanana na utulivu.

Sasa angalia mtego huu. Kwa mizunguko 400 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 150. Ukituma kila milisekunde 150 kamili, unatuma kutoka pembe ileile daima: ama zote zinafika, ama hazifiki kamwe. Kwa hiyo yumbisha muda. Mimi natuma baada ya milisekunde 50 pamoja na nyongeza kati ya 0 na 30. Lakini nyongeza hiyo isiwe ya bahati nasibu. Ihesabu kutokana na namba ya pakiti: zidisha namba mara 7, gawa kwa 11, chukua baki, zidisha mara 3. Kipokezi kinajua kanuni hiyohiyo, kwa hiyo kinaweza kuhesabu pakiti iliyopotea ilitumwa saa ngapi, hata kama hakikuisikia. Hapo ndipo utaweza kujua ilipotelea pembe gani.

Redio hii ina uwezo wa kurudia yenyewe isipopata jibu: hadi mara 15, ikisubiri hadi milisekunde 4 kila mara, jumla milisekunde 60. Pima maana yake kwa nyuzi za pembe. Kwa mizunguko 400 kwa dakika, milisekunde 60 ni nyuzi 144. Kitovu kitakuwa kimetoka kivulini, yaani kwenye pembe ambako redio haisikiki. Kwa mizunguko 100 ni nyuzi 36 tu, na huenda marudio yote 15 yakaishia kwenye kivuli kilekile. Turbini ikizunguka polepole ndipo inapopoteza data zaidi. Mwanzo sikuamini, mpaka nilipoona mashimo yangu yote yakija asubuhi upepo ukiwa mdogo.

Kwa hiyo usitegemee marudio peke yake. Hifadhi pakiti 20 za mwisho kwenye kumbukumbu, futa ile tu iliyojibiwa, tuma tena zilizobaki nafasi ikipatikana. Na kwa kuwa kila pakiti ina saa yake, kuchelewa si tatizo. Vipokezi ni viwili, kwa hiyo kimoja tu ndicho kijibu. Cha pili kisikilize kimya, la sivyo majibu yatagongana. Anayejibu awe yule ambaye antena yake imelala mashariki-magharibi, sawa na upepo wetu wa kawaida.

Jaribu kwenye baiskeli kwanza

Usipandishe kitu ambacho hakijazunguka chini. Chukua baiskeli, igeuze juu chini, funga boksi lote kwenye spoku za gurudumu la nyuma, sentimita 20 kutoka katikati, na uzito sawa upande wa pili. Kwa meno 44 mbele na 18 nyuma, pedali 120 kwa dakika zinakupa mizunguko 293. Hapo boksi linavutwa nje kwa mita 188 kwa sekunde kwa sekunde, zaidi kidogo ya litakavyovutwa kwenye turbini sentimita 10 kutoka katikati kwa mizunguko 400, ambapo ni 175. Kama kuna kiungo cha solda kisichoshika au betri isiyokazwa, itaonekana hapa, palipo na mchanga na si kichwa cha mtu. Simama pembeni, usisimame kwenye mstari wa gurudumu.

Bandika sumaku kwenye spoku moja na sensa kwenye fremu. Kila sumaku ikipita kipokezi kinaandika saa. Kutokana na saa mbili za sumaku unapata pembe ya kila pakiti, iliyofika na iliyopotea. Saa ya kitovu na saa ya kipokezi hazilingani, kwa hiyo zilinganishe upya kwa kila pakiti inayofika.

Gawa duara mafungu 12 ya nyuzi 30. Zima marudio ya redio kabisa, zungusha dakika tano, hesabu kwa kila fungu zilizotumwa na zilizofika. Mara ya kwanza fanya makusudi: weka antena ikitazama nje kama mshale wa saa. Utaona mafungu mawili yanayokabiliana yakiwa yametoboka. Kisha iweke katikati, sambamba na ekseli. Mashimo yatajaa. Likibaki moja tu, hilo ni kivuli cha chuma, na unalitafuta kwa macho: fremu, betri, au mkono wa boksi. Nafundisha vijana zoezi hili kabla ya jingine lolote.

Kufunga kwenye kitovu

Boksi la gramu 120 sentimita 10 kutoka katikati, kwa mizunguko 400, linavuta kwa nguvu ya kilo 2 na zaidi, likibadili upande karibu mara saba kila sekunde. Beringi itakulaumu. Likiweza kukaa katikati kabisa, mbele ya bamba, liweke hapo. Lisipoweza, weka uzito upande wa pili: gramu 120 kwa sentimita 10 ni sawa na gramu 80 kwa sentimita 15. Kisha achia kitovu kizunguke chenyewe taratibu, mara kadhaa. Kikisimama daima pembe moja chini, bado hakijalingana.

Boksi lishikwe kwa boliti zenye nati za kujikaza. Klipu za plastiki ni za kushika nyaya tu, jua letu huzikausha zikakatika. Betri ielekezwe urefu wake ukiwa sambamba na shafti, ili nguvu ya kutupa nje isiisukume kutoka kwenye springi yake, na juu yake pitisha mkanda. Paka boksi rangi nyeupe. Usiku wa Julai ni baridi na mchana jua ni kali, kwa hiyo unyevu hukusanyika ndani. Vile vipakiti vya punje vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vinafaa sana.

Radi za Desemba hadi Aprili usizisahau. Mlingoti na kamba zake za waya viwe na ardhi, na vipokezi visifungwe kwenye bomba lenyewe.

Sumaku bandika kwenye bamba la kitovu, sensa kwenye kichwa. Waya wa sensa utashuka ndani ya bomba pamoja na nyaya za umeme.

Kusoma kinachokuja

Siku ya kwanza usitazame mkazo. Rudia duara la mafungu 12, marudio yakiwa yamezimwa, mara mbili: upepo mdogo na upepo mkubwa. Ukiwa na fungu linalofikisha chini ya nusu, sogeza kipokezi mita moja, pima tena. Kisha washa marudio na kumbukumbu, uangalie namba za pakiti kwa saa 24. Kwangu shimo lililobaki lilitokea turbini iliposimama yenyewe usiku. Pakiti 20 za mwisho zilizokwama kwenye kumbukumbu zilishuka zote ilipoanza kuzunguka alfajiri.

Data ikikatika ghafla, angalia kwanza volti ya mwisho iliyofika. Ikiwa chini ya 3.4, ni betri. Ikiwa nzuri, tazama upepo unatoka wapi siku hiyo na kama kipokezi cha pili kinasikia. Namba zikifika zote lakini vipimo vinaruka, tatizo liko kabla ya redio: waya wa geji au silikoni. Utengano huo ndio nilioukosa mwanzo.

Kwenye shamba la Kongwa, mkazo mkubwa haukuja wakati wa upepo mkali kama nilivyotegemea. Ulikuja kichwa kilipogeuka haraka, upepo ukibadili upande. Kitovu kinachozunguka kasi hakipendi kugeuzwa. Kikigeuzwa, kila panga linapindwa mbele na nyuma mara moja kwa kila mzunguko, na kadiri mizunguko na kasi ya kugeuka zinavyozidi ndivyo upindo unavyozidi. Mkia niliotengeneza ulikuwa mwepesi kupita kiasi kwenye bawaba na uligeuza kichwa kwa pigo. Nimeweka msuguano kwenye shingo, kipande cha nailoni kinachobanwa kwa boliti mbili, na nimelinganisha kabla na baada kwa kutumia mizani ileile ya dumu la lita 5.

Mzee ndiye anayesoma volti ya betri sasa, kila Jumapili, na anaiandika kwa chaki kwenye mlango wa stoo.